Ubao wa kukatia umepasuka? Usiutupe!

Je, ubao wa kukatia ulio jikoni mwako una hali gani? Hebu uchukue sasa hivi uuchunguze. Katika nyumba nyingi za Oyugis ubao huo haupumziki. Mchana unakatiwa nyama, jioni samaki wa kutoka Kendu Bay, kisha kachumbari. Si ajabu ukijaa makovu ya kisu, ukapinda au kupasuka.

Wengi huutupa wakanunua wa plastiki, wakidhani ni safi zaidi. Lakini utafiti wa Dean Cliver na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba viini vilivyozama ndani ya mbao havikurudi juu kwa urahisi, ilhali plastiki iliyokwaruzwa kwa kisu ilikuwa vigumu kusafisha.

Ufa, hata hivyo, ni hatari. Damu na mabaki ya nyama hujificha humo, mahali brashi haifiki. Ukikatia kachumbari hapo, mtoto wako anaweza kupatwa na ugonjwa wa kuhara.

Ukiwa na randa, msasa na gundi, unaweza kuutengeneza mwenyewe. Kwanza uoshe kwa maji moto na sabuni, kisha uusimamishe kivulini siku kadhaa. Jua kali litaongeza nyufa, na mbao mbichi ikipigwa randa huchanika.

Ukishakauka, piga randa ukifuata nyuzi za mbao mpaka makovu yaishe. Kama umepinda, anza kwa kukingama nyuzi ili kuondoa vilima, kisha uzifuate. Weka rula juu yake. Ukiona mwanga chini ya rula, bado kazi ipo.

Kama ufa umepenya hadi upande wa pili, tenganisha vipande hivyo viwili. Piga randa kingo zake mpaka zikutane sawasawa. Paka gundi isiyoingiwa na maji, ambayo maelezo yake yanasema inafaa kwa vyombo vya chakula. Bana kwa jiriwa. Huna? Zungushia kamba, pitisha kijiti, usokote mpaka ikaze. Acha saa 24.

Sugua kwa msasa namba 80, kisha 120, umalizie na 220. Lowanisha ubao kidogo, uache ukauke, halafu usugue tena vinyuzi vilivyosimama.

Mwisho ni mafuta. Mafuta ya kupikia huchacha yakanuka. Nenda duka la dawa uulize mafuta ya parafini yanayonyweka, yale ya kulainisha choo. Tahadhari: haya si mafuta ya taa! Usipake pia oili chafu ya gari ambayo watu hupaka nguzo kuzuia mchwa, kwani ni sumu. Paka, subiri usiku mmoja, pangusa, urudie.

Lakini ubao uliooza, ulioliwa na wadudu au uliobaki mwembamba mno, utie jikoni uwe kuni, mradi haukupakwa rangi wala dawa.

Baada ya hapo usiuloweke kwenye beseni. Uoshe, uupanguse, uusimamishe upate hewa pande zote mbili. Na ukiweza, uwe na mmoja wa nyama na mwingine wa mboga. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jikoni, ukuta huo ni gharama ya hospitali.