Kabla ya Port Florence

Majuzi nilipanda mtumbwi ufukweni Dunga, Kisumu, nikiongozwa na kijana mvuvi. Tukipita kando ya mafunjo, alinisimulia kwa Kiingereza: Speke alilipa ziwa jina la malkia mwaka 1858, reli ilifika mwaka 1901, bandari ikaitwa Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi.

“Na kabla ya hapo?” nikamwuliza.

Akapumzisha kasia, akatabasamu. Ziwa ni Nam Lolwe, akasema. Na Kisumu hutokana na neno la Kijaluo, kisuma, yaani kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana mali.

Kumbe aliyajua yote! Ila watalii hawamwulizi. Ndugu msomaji, tusipouliza sisi wenyewe, wanetu watarithi kumbukumbu za wageni tu.