Uji wa Lishe: Ubora Hautokani na Wingi wa Nafaka

Katika kaya nyingi nchini, siku ya mtoto huanza kwa kikombe cha uji. Mlo huo wa asubuhi una nafasi kubwa katika ukuaji wake, hasa baada ya kutimiza miezi sita, ambapo maziwa ya mama pekee hayatoshelezi tena mahitaji ya mwili. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, ikilinganishwa na asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16.

Kwa nia njema, wazazi wengi husagisha mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya na karanga kwa pamoja, wakiamini kuwa kadiri aina zinavyoongezeka ndivyo lishe inavyokuwa bora. Imani hiyo si sahihi. Mahindi, mtama, ulezi na mchele vyote ni vya kundi moja la chakula, hivyo kuvichanganya hakuongezi kundi jingine katika mlo wa mtoto.

Soya na karanga ni za kundi tofauti, lakini kuzisaga pamoja na nafaka huleta matatizo mengine. Soya ambayo haijaiva vizuri huzuia mwili kumeng'enya protini, nayo huhitaji muda mrefu wa kuiva kuliko unga wa nafaka. Karanga zina mafuta mengi, hivyo unga wake ukikaa muda mrefu huharibika na kuwa na ladha chungu. Aidha, karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri hushambuliwa na fangasi wanaozalisha sumukuvu, ambayo haiondolewi kwa kupika. Mwaka 2016, sumukuvu ilisababisha vifo katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Punje yenye ukungu huweza kuonekana na kuondolewa kabla ya kusagwa. Ikishakuwa unga, haitambuliki tena.

Njia iliyo salama ni kutumia unga wa nafaka moja isiyokobolewa, kama ulezi, mtama au dona, na kuuboresha uji wakati wa kupika. Kikombe kimoja cha unga hukorogwa kwanza katika maji baridi ili usifanye mabonge, kisha humiminwa katika maji yanayochemka. Maji yote yawe vikombe vinne. Uji huchemshwa kwa dakika 15 hadi 20 huku ukikorogwa. Baada ya hapo huongezwa kikombe kimoja cha maziwa na vijiko viwili vya karanga zilizochaguliwa, zikakaangwa na kusagwa karibuni, kisha huachwa uchemke tena kwa dakika chache.

Uji wa mtoto uwe mzito kiasi cha kutulia kwenye kijiko, kwa kuwa uji mwepesi hujaza tumbo kwa maji. Papai au embe lililopondwa huongeza utamu bila sukari, na vitamini C iliyomo husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika nafaka. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hapaswi kupewa asali.

Wazazi na walezi wanashauriwa kupata maelekezo zaidi katika kituo cha afya kilicho karibu, kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji.