Programu ya Kupanga Kazi: Nani Afundishwe, na Lini?

Ndugu zetu walioko katika viwanda vya sukari wanakijua vema kipindi cha matengenezo makubwa. Msimu wa kusaga miwa ukiisha, vinu husimamishwa na kufunguliwa, rola hutolewa, mabomba ya boila hukwanguliwa, na kila fundi anajua kwamba siku ya kuwasha moto tena imekwisha kuwekwa. Siku hiyo ikikosewa hakiumii kiwanda peke yake. Miwa iliyokomaa hubaki shambani, na mkata miwa anayelipwa kwa alichokata hukaa bila fedha.

Zamani mpango wa matengenezo uliandikwa kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani mwa karakana. Fundi aliyeona kosa alimwita injinia akamwonyesha kwa kidole, na kosa likafutwa kwa raba. Siku hizi menejimenti nyingi hununua programu ya kompyuta ya kupanga kazi. Programu hiyo haina uchawi wowote. Hutaka kuambiwa kila kazi itachukua siku ngapi, kazi ipi lazima itangulie, na nani ataifanya kwa vifaa gani. Ikishaambiwa, huonyesha ule mlolongo wa kazi ambao ukichelewa siku moja basi kiwanda kizima kimechelewa siku moja. Hesabu hii ilibuniwa Marekani mwaka 1957 na 1958, katika kampuni ya kemikali ya DuPont na katika mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini. Kwa hiyo si mpya. Lililo jipya ni kwamba imefika karakana zetu, na kwamba kosa lake halifutiki kwa raba.

Tulishuhudia wenyewe jinsi ilivyoingia katika kiwanda kimoja, ambacho hatutakitaja. Muuzaji alileta mwalimu kwa siku moja, Jumamosi mchana. Walioitwa ni mainjinia na karani wa ofisi ya mipango. Fundi hakuitwa, mtunza stoo hakuitwa, wala mwakilishi wa tawi. Mafunzo yenyewe yalikuwa ya kubonyeza: bonyeza hapa, chati inatokea, bonyeza pale, inachapwa. Siku za kila kazi zilichukuliwa kutoka vitabu vya watengenezaji wa mitambo, vitabu vinavyozungumzia mitambo mipya, si vinu vilivyokwisha kusaga miwa miaka mingi.

Kiwanda hicho kina kreni moja tu ya juu. Kila mtu karakana anajua hivyo, hata mfagiaji. Lakini programu haikuambiwa, nayo ikapanga rola za kinu cha kwanza na gia ya kinu cha tatu zinyanyuliwe siku hiyo hiyo. Magenge mawili yakasimama yakitazamana. Kisha beringi zilizoagizwa zikachelewa kufika stoo. Siku zote hizo zilizopotea ziliandikwa mbele ya majina ya viongozi wa magenge, kwa kuwa palikuwa na nafasi ya jina na hapakuwa na nafasi ya sababu. Matengenezo yalipokwisha, mafundi wawili walipewa barua za onyo, na karatasi ya kompyuta imeambatishwa kama ushahidi.

Tawi lilikusanya daftari la kreni na kadi za stoo, likaweka tarehe kwa tarehe mbele ya menejimenti. Barua zote mbili zilifutwa. Lakini fundi mmoja alikuwa amekwisha kuacha kazi kwa uchungu, na yeye ndiye aliyeweza kusikia mlio wa kinu akajua beringi ipi inakufa. Hakurudi.

Tulipotafuta nchi ambayo wafanyakazi walikwisha kupambana na jambo la namna hii, tuliikuta Norwei. Mwaka 1970 mkutano mkuu wa chama cha wafanyakazi wa chuma na metali wa nchi hiyo uliamua kwamba chama kiwe na ujuzi wake chenyewe kuhusu kompyuta, kisitegemee maelezo ya waajiri. Kilimpata Kristen Nygaard, mtaalamu ambaye pamoja na Ole-Johan Dahl alikuwa amebuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Mwanzoni wataalamu walidhani kazi yao ni kuandika ripoti. Baadaye waligundua kwamba ripoti haimsaidii mtu aliye kwenye mashine, wakageuza mradi: matawi yenyewe yaliunda vikundi vya kuchunguza mifumo ya kupanga na kudhibiti kazi viwandani mwao, na wataalamu wakawa wasaidizi. Vitabu vya mafunzo viliandikwa kwa ajili ya wanachama.

Matunda yalionekana. Mwaka 1975 shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilitia sahihi mkataba na shirikisho la waajiri, kwamba habari za mifumo ya kompyuta zitolewe kwa lugha inayoeleweka na mtu asiye mtaalamu, na kwamba wafanyakazi waweze kuchagua mwakilishi wao maalumu wa mambo hayo. Sheria ya mazingira ya kazi ya mwaka 1977 ikaongeza: wafanyakazi wafahamishwe mifumo inayotumika kupanga kazi, wapewe mafunzo ya kuielewa, na washiriki katika kuiunda. Sheria ya mwaka 2005 iliyochukua nafasi yake imelirudia sharti hilo. Tusisahau kwamba Norwei ina vyama vyenye nguvu na waajiri waliozoea kuketi mezani; hatusemi mambo yatakuwa rahisi hivyo kwetu. Hata hivyo Mkataba Na. 140 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1974, unahusu ruhusa ya masomo yenye malipo wakati wa saa za kazi, na Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia. Mwenzetu akiambiwa kwamba mafunzo ni ya Jumamosi na bila malipo, anayo hoja ya kutoa.

Katika kiwanda kile, tawi lilidai mafunzo ya mwaka uliofuata yapangwe kwa pamoja, na mengi yalikubaliwa. Yalifanywa saa za kazi, kwa Kiswahili, zamu ya usiku ikiwa na siku yake. Kila genge lilimtoa mtu mmoja, na nafasi yake ikajazwa ili wenzake wasibebeshwe mzigo. Badala ya mfano wa mwalimu wa kujenga nyumba ya kufikirika, walitumia matengenezo ya mwaka uliopita, yale yale yaliyoharibika. Fundi mmoja mzee asiyesoma Kiingereza aliitazama chati kwa dakika chache akauliza kreni iko wapi. Mwalimu alikaa kimya, kisha akawafundisha wote jinsi ya kuiingiza. Marudio yalifanywa wiki ile ile kazi ilipoanza, maana mtu aliyefundishwa miezi miwili kabla amekwisha kusahau.

Karani wa mipango, dada mmoja mchapakazi, ndiye aliyetusahaulisha sisi pia. Kazi yote ya kuingiza taarifa ilimwangukia jioni, magenge yanapokwenda nyumbani, bila ovataimu na bila kupandishwa daraja. Tulikuwa tukipigania mafundi tu. Sasa wapo wawili wanaopokezana, na daraja lao limo katika orodha ya madai ya tawi.

Jambo ambalo halijapata mwafaka ni lile la majina. Menejimenti imekubali kuongeza nafasi ya kuandika sababu ya kuchelewa, lakini inataka jina la mtu libaki. Tawi linataka liandikwe genge na kazi, na iandikwe ndani ya mkataba wa hiari kwamba taarifa za programu hazitatumiwa katika shauri la nidhamu. Kikao kingine kimewekwa kabla vinu havijasimamishwa, na tawi limekwisha kuomba daftari la kreni liletwe mezani.