Mnara wa Bagamoyo

Mkipanda basi River Road kwenda Tanzania, msiishie Dar es Salaam. Fikeni na Bagamoyo. Kwenye misheni ya Kikatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868 umebaki mnara wa kanisa la kwanza. (Sisi Waprotestanti tusione haya kuingia.) Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874.

Alikuwa amefariki Mei 1873 kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada. Kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauchukua kwa miguu zaidi ya kilometa 1,500 hadi pwani. Musa aliichukua mifupa ya Yusufu kwa sababu ya kiapo, Kutoka 13:19. Hawa hakuna aliyewaapisha. Bwana wao alikwisha kufa, nao wangaliweza kurudi makwao.

Livingstone alizikwa London, katika Westminster Abbey, Aprili 18, 1874. Jacob alikuwapo. Susi na Chuma walifikishwa Uingereza baadaye, maziko yamekwisha.