Moshi wa magari ya mizigo: kwa nini umma ulipie gari safi la mtu binafsi?

Wiki chache zilizopita mama mmoja aliniletea mwanawe wa miaka sita, kifua kikilia kama filimbi. Ilikuwa mara ya nne ndani ya miezi mitatu. Nikamuuliza yale tunayouliza siku zote: wanapikia mkaa ndani? Baba anavuta sigara? Kuna zulia kuukuu au paka analala na mtoto? Yote hapana. Alipokuwa ameshasimama kuondoka ndipo akakumbuka kusema kwamba dirisha la chumba cha mtoto linatazamana na ghala la duka la jumla, na kila alfajiri malori mawili matatu husimama pale yakinguruma mpaka mzigo wote uishe kushushwa. "Moshi unaingia mpaka ndani ya chandarua, daktari," alisema.

Nilimpa dawa ya kifua. Dawa ya lori sikuwa nayo. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma wenzetu wa miji mikubwa wamefanya nini na moshi wa aina hii, na nimeona nikueleze, kwa kuwa ndani yake kuna jambo linaloshangaza mwanzoni: kuna serikali zinazochukua fedha za walipa kodi na kumpa mwenye gari la mizigo ili alitupe gari lake.

Tuanze na moshi wenyewe. Dizeli haiungui yote. Hubakiza masizi, na ndani ya masizi hayo mna chembe ndogo sana zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko chembe hiyo kiasi cha mara 30. Kwa hiyo vinyweleo vya pua na makohozi ya koo, ambavyo Mola ametupa viwe walinzi, haviwezi kuzishika zote. Zinateremka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi hupenya hadi kwenye damu. Pamoja nazo hutoka gesi iitwayo naitrojeni dayoksaidi, ambayo huwasha na kuvimbisha njia za hewa. Mwenye pumu akiivuta, njia zile ambazo tayari ni nyembamba huzidi kubana.

Mwezi Juni 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi lile lile lenye tumbaku. Usielewe vibaya: kuwa kundi moja maana yake ni kwamba ushahidi umekamilika, si kwamba kusimama karibu na lori ni sawa na kuvuta pakiti ya sigara. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango inachoshauri cha chembe hizo, kutoka wastani wa mikrogramu 10 kwa mwaka katika kila mita ya ujazo ya hewa hadi 5. Na kwa makadirio yake, hewa chafu ya nje iliua watu milioni 4.2 kabla ya wakati wao mwaka 2019. Magari ni chanzo kimoja tu kati ya vingi, lakini ni chanzo kinachokuja mpaka mlangoni.

Mlangoni ndiyo nukta yenyewe. Mzigo una safari ndefu, kutoka bandarini au kiwandani hadi bohari kuu, kisha safari fupi ya mwisho, kutoka bohari hadi dukani au nyumbani kwa mteja. Safari hii fupi ndiyo inayopita katikati ya watu. Na kwa kila kilomita moja ndiyo chafu zaidi, kwa sababu gari linasimama, linaondoka, linasimama tena, linasubiri. Hata gari jipya lenye chujio la masizi hupata taabu hapa. Chujio lile hujisafisha kwa kuyachoma masizi, na ili yachomeke bomba lazima lipate joto kali, jambo linalopatikana gari likienda mwendo mrefu. Gari linalozunguka mtaa kwa mtaa siku nzima halipati joto hilo vizuri. Ndiyo maana wataalamu wengi huona kuwa gari la umeme linafaa zaidi katika kazi hii kuliko katika safari ya Dar es Salaam hadi Kigoma: njia ni fupi, inajulikana, na usiku gari hurudi pale pale lilipotoka na kuchajiwa.

Sasa twende London, mji ambao baadhi yetu tuna ndugu huko, na ambao sensa ya 2021 ilihesabu Waislamu wapatao milioni 1.3. Watafiti waliwapima watoto 2,164 wa miaka minane na tisa katika shule za msingi 28, kati ya 2009 na 2014, katika maeneo kama Tower Hamlets na Hackney. Tower Hamlets ndiyo wilaya yenye sehemu kubwa zaidi ya Waislamu Uingereza, takriban watu 4 katika kila 10. Matokeo yalichapishwa 2018: watoto wanaovuta hewa ile walikuwa na ujazo wa mapafu pungufu kwa asilimia 5 hivi. Mapafu ya mtoto hujengwa mara moja. Akikosa kuyajenga utotoni, hawezi kurudi kuyadai akiwa na miaka 40.

Na kilichowauma watafiti ni kwamba London ilikuwa na sheria tayari. Tangu 2008 malori makubwa machafu yalikuwa yakitozwa faini kali kuingia mjini, lakini katika miaka ile ya utafiti mapafu ya watoto hayakuonyesha nafuu. Sheria ilikuwa nyepesi mno, na magari mengi ya dizeli yaliendelea kuzunguka.

Kisha kuna habari ya binti Ella Adoo-Kissi-Debrah, aliyeishi kusini mashariki mwa London karibu na barabara kuu yenye msongamano. Alifariki Februari 2013 akiwa na miaka tisa, baada ya kulazwa mara nyingi kwa pumu. Mama yake hakunyamaza. Desemba 2020 mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake, na akawa mtu wa kwanza Uingereza kuandikiwa hivyo. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mtoto wa chandarua.

Aprili 2019 London ilianza sheria kali zaidi katikati ya mji, ikaipanua Oktoba 2021, na Agosti 2023 ikaufunika mji wote. Gari dogo la mizigo lisilofikia kiwango hutozwa paundi 12.50 kwa siku. Piga hesabu: anayefanya kazi siku 25 kwa mwezi ni paundi 312 na ushei. Kwa kampuni kubwa hiyo ni fedha ya chai. Kwa fundi mwenye gari moja kuukuu analosambazia mazulia, ni kodi ya nyumba inayumba.

Hapo ndipo fedha za umma zinapoingia. Mwaka 2019 Meya wa London alitenga paundi milioni 23 kwa ajili ya biashara ndogo sana na mashirika ya hisani ili yaache magari yao machafu. Mpango mpya wa paundi milioni 110 ulifuata Januari 2023, na Agosti mwaka huo ukapandishwa hadi milioni 160. Aliyelipeleka gari lake la mizigo kuvunjwavunjwa alipata paundi 7,000, na aliyenunua la umeme badala yake paundi 9,500. Mpango ulifungwa 2024. Haikwenda kwa amani. Wilaya kadhaa zilimshitaki Meya, na moja ya hoja ilikuwa huo mpango wa ruzuku wenyewe. Mahakama Kuu ikaamua upande wa Meya Julai 2023. Taarifa iliyotolewa na ofisi ya Meya 2025 ilisema naitrojeni dayoksaidi kandokando ya barabara ilikuwa pungufu kwa asilimia 27 katika London nzima kuliko ambavyo ingekuwa bila sheria hizo.

Utauliza, na ni swali la haki: je, ni sawa kumlipa anayetuchafulia hewa? Nami nililiuliza. Jibu linategemea unamlipa nani. Mafundisho ya jirani kutomdhuru jirani tunayajua tangu madrasa, na mwenye uwezo atimize wajibu wake kwa mali yake. Ndiyo maana ruzuku ile ya London haikuwa ya makampuni makubwa. Lakini maskini ukimwambia tu "acha", ataficha, atahonga, au atalala njaa. Na hivi sasa gharama ya moshi tayari inalipwa na umma. Sema tu inalipwa na yule mama kwenye dirisha la dawa. Kuitoa upande wa dawa na kuipeleka upande wa gari ni matumizi bora ya shilingi ile ile.

Jimbo la California, Marekani, limekuwa na mpango wa vocha tangu 2009. Mnunuzi hapewi fedha mkononi. Muuzaji wa magari hukata thamani ya vocha kwenye bei, kisha jimbo humrudishia muuzaji. Na katika mpango wao mwingine ulioanza 1998, lori la zamani likibadilishwa injini yake hutobolewa na chesisi kukatwa, ili lisiuzwe mtaa wa pili likaendelea kuchafua. Fedha nzuri isiyo na sharti hilo huhamisha moshi tu.

Lakini huko huko California kuna onyo. Oktoba 2008 bandari za Los Angeles na Long Beach zilianza kuyazuia malori ya zamani, na moshi wa malori bandarini ukashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Hata hivyo makampuni mengi ya usafirishaji yaliwatwika madereva gharama ya malori mapya kwa mikataba ya kukodi huku unanunua. Uchunguzi wa magazeti wa 2017 ulifichua madereva waliofanya kazi wiki nzima na mwisho wa wiki wakaambiwa bado wanadaiwa. Hewa ilisafishwa kwa mgongo wa dereva. Sisi tunaojihadhari na riba tuliangalie hili kwa makini: ruzuku ni msaada, lakini mkopo wa riba uliovishwa kanzu ya mazingira unabaki kuwa mkopo wa riba.

Fedha za namna hii pia zina mlango wa kufungwa. Serikali kuu ya Marekani ilikuwa ikipunguza kodi hadi dola 40,000 kwa anayenunua lori safi kubwa kuanzia 2023. Sheria ikabadilika, na punguzo likakoma kwa magari yaliyonunuliwa baada ya Septemba 30, 2025. Aliyejenga hesabu zake juu ya punguzo hilo alibaki njia panda.

Je, inasaidia kweli? Huko kusini mwa California watafiti walifuatilia vizazi vitatu vya watoto kuanzia 1994 hadi 2011. Waliofika miaka 15 wakiwa na mapafu dhaifu kitabibu walishuka kutoka asilimia 7.9 hadi 3.6 kadiri hewa ilivyosafishwa. Si kwa malori peke yake. Mafuta, viwanda na magari madogo vyote vilibanwa.

Na kwetu? Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti 2020 kuwa kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani, na takriban asilimia 40 yalikuja Afrika. Yale wanayoyakataa wao mengine ndiyo yanayotuletea unga na saruji. Hatua moja tumepiga: tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kushusha salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na chujio la masizi haliwezi kudumu kwenye mafuta yenye salfa nyingi. Basi kama una gari la mizigo na fundi anakushauri ung'oe chujio ili "lipate pumzi", ujue pumzi hiyo linaitoa kwenye kifua cha mtu.

Nyumbani kwako, kama malori yanasimama dirishani, hamisha kitanda cha mtoto kwenye chumba cha upande wa pili, na fungua madirisha baada ya mzigo kushushwa, si wakati ule. Zungumza na mwenye ghala kwa upole, pamoja na majirani. Dereva atakwambia betri ni bovu, akizima halitawaka. Muulizeni mwenye gari bei ya betri. Kwenye mkutano wa mtaa ombeni magari yazimwe wakati wa kushusha.

Mtoto wa pumu awe na dawa yake ya kuvuta nyumbani, siyo hospitalini tu. Chupa safi ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitako sawasawa na mdomo wa kichupa cha dawa, humsaidia mtoto kuivuta vizuri: bonyeza mara moja, apumue taratibu mara tano mdomoni mwa chupa, kisha rudia kama ulivyoelekezwa. Ukiona hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinavutwa ndani, midomo imebadilika rangi, au amelegea na kusinzia, usingoje kupambazuke. Endelea kumpa dawa njiani na umfikishe hospitali.