Imbwa wa kulinda nyumba, na watoto wetu

Ndugu washirika wa koperative, hapa Kisenge wengi tunafuga imbwa juu ya wezi wa kuku na nyama za pori zinazoharibu mihogo. Lakini anayeshinda naye mchana kutwa ni mtoto. Basi mukienda kuchagua, musitafute ukali kwanza.

Muangalie mama yake. Kama anakubali watu wamkaribie, ni alama nzuri. Muchuchumae, muache wale wadogo waje wenyewe. Anayekuja, ananusa na kucheza, huyo anafaa. Anayejificha kwenye kona akitetemeka, muache: imbwa mwoga ndiye anayeuma upesi. Na asitengwe na mama mbele ya majuma 8, maana akicheza na ndugu zake ndipo anajifunza kuuma bila kuumiza.

Imbwa wa kienyeji anatosha kabisa. Hata Wazungu walichukua imbwa wa Kongo, wakamuita Basenji, leo wanamfuga kwao!

Wengine wanamfunga kamba na kumpiga tangu udogo ili awe mkali. Sisi hatukubali. Imbwa wa namna ile hachagui kati ya mwizi na mtoto anayepita karibu na sahani yake.

Akifika miezi 3 apate chanjo ya kichaa, kisha irudiwe kama munganga wa nyama atakavyosema. Mtoto akiumwa, hata mkwaruzo tu, muoshe kidonda palepale kwa maji na sabuni dakika 15, halafu hospitali siku ileile. Alama za kichaa zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa ya kumponya.