Namba Tatu za Waya Mmoja

Kipanya cha USB kikichomekwa hujitambulisha chenyewe: hutaja mtengenezaji wake na kazi yake. Vifaa vilivyomo ndani ya chipu ya simu, ruta au Raspberry Pi havina adabu hiyo. Hukaa kimya kwenye anwani zao, na kerneli ya Linux haiwezi kujua kwamba vipo mpaka iambiwe. Inayoiambia ni hati iitwayo mti wa vifaa, inayopakiwa pamoja nayo bodi inapowashwa.

Utaratibu huu ulitokana na Open Firmware, iliyotumika kwenye mashine za Sun na PowerPC. Kwa bodi zenye vichakataji vya ARM, maelezo hayo yalikuwa yakiandikwa ndani ya kerneli yenyewe, bodi kwa bodi, hadi mwaka 2011 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alipolalamikia mrundikano huo. Tangu hapo maelezo yakatengwa, na kerneli moja ikaweza kuwasha bodi nyingi. Lakini sasa kosa la tarakimu moja kwenye hati hukufanya udhani kifaa kimeungua.

Chukua pini. Chipu ya BCM2711, iliyo kwenye Raspberry Pi 4, ina pini 58 za matumizi ya jumla. Kila moja huweza kuwa ya kuingiza au kutoa ishara tu, au ikapewa kazi maalumu kati ya zile zilizopewa namba 0 hadi 5. Pini 14 ikipewa kazi namba 0, hutoa data ya UART kamili, yaani kifaa cha kutuma na kupokea data biti moja baada ya nyingine. Ikipewa namba 5, hutoa data ya UART ndogo. Ukikosea, draiva itapakia bila kulalamika na kutuma data yake, ila hakuna kitakachotoka kwenye waya. Kabla ya kushika chuma cha kulehemu, fungua saraka ya pinctrl chini ya /sys/kernel/debug: humo kerneli inaorodhesha kila pini na aliyeikamata.

Pini ikishakaa sawa, bado kuna ukatizaji, yaani ishara ambayo kifaa hutuma ili kichakataji kiache kinachofanya na kukihudumia. UART kamili za BCM2711 zina namba 57 katika orodha ya vifaa vya chipu. Kwa msimamizi wa ukatizaji, orodha hiyo inaanzia 96, hivyo 57 inakuwa 153. Kwenye mti wa vifaa unaandika 121, kwa sababu hapo hesabu huanza baada ya kuziruka namba 32 za mwanzo. Zote tatu ni sahihi, kila moja mahali pake. Anayeandika 153 kwenye mti wa vifaa ataiacha kerneli ikisubiri waya usio wake.

Linabaki umbo la ishara. Kuna kifaa kinachopiga hodi mara moja, na kuna kinachobonyeza kengele bila kuachia mpaka kifunguliwe. Kerneli ikiambiwa isubiri badiliko la volti ilhali kifaa kimeishikilia laini chini, badiliko moja likipotea hakuna jingine litakalokuja. Ikiambiwa kwamba volti ya juu ndiyo wito, ilhali laini hiyo hupumzika juu, itaitwa bila kukoma. Kati ya miito 100,000, isiyo na mwenyewe ikizidi 99,900, kerneli huandika kwamba hakuna aliyejali, kisha huifunga laini hiyo.

Ndiyo maana fundi mzoefu huanzia kwenye /proc/interrupts, kwenye safu ya hesabu ya miito. Sifuri isiyosogea humpeleka kwenye namba au pini. Hesabu iliyopanda kidogo ikaganda humfanya ashuku kwamba badiliko la volti limeandikwa mahali pa kiwango chake. Inayofurika humrudisha kwenye mwelekeo wa volti, au kwenye kizuizi cha kuvuta laini juu kilichosahauliwa. Kabla ya kubadilisha kifaa chochote, anajua tayari ni mstari upi wa hati aufungue.